Chumba cha darini kisicho na cheti: je, mtoto alale humo?

Tangazo la nyumba linasema ina vyumba viwili vya kulala, kisha mwishoni, kwa maneno ya kupita tu, linaongeza: "na chumba cha darini." Picha zinaonyesha zulia jipya, kuta nyeupe, dirisha kwenye mteremko wa paa, na kitanda kidogo kilichotandikwa vizuri ili mnunuzi ajionee mwenyewe. Kwa familia yenye watoto watatu inayotafuta nyumba Leicester, Coventry au Barking, ambako chumba kimoja cha ziada kinaweza kupandisha bei kwa maelfu ya pauni, chumba hicho ni dua iliyojibiwa. Lakini kwa nini dalali hakukihesabu pamoja na vile viwili? Mara nyingi ni kwa sababu dari liligeuzwa kuwa chumba bila kupitia kwa wakaguzi wa ujenzi, na dalali anajua kwamba akikiita chumba cha kulala anaweza kushtakiwa kwa kupotosha wanunuzi.

Wazazi wengi wa jamii yetu hapa Uingereza wanauliza swali moja: mtoto anaweza kulala pale au la? Nitatoa jibu langu mapema, kisha nieleze sababu. Kama hakuna njia iliyokingwa dhidi ya moto kutoka chumba hicho hadi mlango wa nje, mtoto asilale humo, hata kama sakafu ni imara na mengine yote yako sawa. Mengine karibu yote yanarekebishika taratibu huku mkiishi. Hilo moja halingoji.

Nitakayoyaeleza ni ya England zaidi. Wales, Scotland na Ireland Kaskazini zina kanuni zao, ingawa moto ni uleule na mbao ni zilezile.

Vibali viwili vinavyochanganywa

Muuzaji akiulizwa kuhusu kibali, mara nyingi hujibu kwamba hakikuhitajika. Huenda anasema kweli, ila anazungumzia kibali kingine. Kibali cha mipango miji huangalia sura ya jengo kwa nje na ukubwa wake. Nyumba nyingi zinaruhusiwa kuongeza nafasi ya paa bila kukiomba, mradi nyongeza isizidi mita za ujazo 40 kwa nyumba za safu, au 50 kwa nyumba iliyosimama peke yake au iliyoungana na jirani upande mmoja, na masharti mengine yafuatwe. Kibali hicho hakisemi lolote kuhusu boriti wala ngazi.

Cha pili ni cha Kanuni za Ujenzi, na hiki hakina msamaha. Ukigeuza dari kuwa chumba cha watu kuishi, kazi lazima ipite mikononi mwa mkaguzi wa halmashauri au mkaguzi binafsi aliyesajiliwa. Mkaguzi huja kazi ikiwa bado wazi, kabla mbao za sakafu hazijapigiliwa na kabla jipsamu haijafunika kuta. Akiridhika, mwishoni hutolewa cheti cha kukamilika kwa kazi, na hicho ndicho mnunuzi anapaswa kukidai.

Kukosekana kwa cheti hakumaanishi kwamba fundi alikuwa mbovu. Kunamaanisha kwamba hakuna mtu asiye na maslahi aliyeiona kazi kabla haijafunikwa. Sote tumezoea mafundi wa kupendekezwa na jamaa, na wengi wao ni hodari kweli. Ila uhodari wa fundi hauwezi kuonekana nyuma ya ukuta uliopakwa rangi.

Katika ununuzi, wakili wa muuzaji akibanwa kuhusu cheti hupendekeza bima ya fidia, ambayo hulipiwa mara moja na kwa fedha kidogo ukilinganisha na bei ya nyumba. Nimesikia watu makini kabisa wakisema nyumba "ina bima" wakimaanisha chumba ni salama. Hapana. Bima hiyo inakulinda dhidi ya hasara ya fedha endapo halmashauri itakuamuru kubomoa au kurekebisha. Aliyeiandika hakupanda juu kutazama chochote. Kwa kawaida ina sharti kwamba usiwasiliane na halmashauri kuhusu kazi ile, na ukiwasiliana nayo inaweza kufutika. Kwa hiyo kabla hujapiga simu yoyote, zungumza na wakili wako. Habari njema ni kwamba kumwita mhandisi wa majengo au mkaguzi wa nyumba wa kujitegemea, kwa gharama yako mwenyewe, si kuwasiliana na halmashauri. Kama mtoto atalala juu, ningelipia ukaguzi huo kabla ya kulipia zulia.

Nyumba ya matofali iliyojaa mbao

Wengi wetu tumekulia katika nyumba ambazo, zikiwa na ghorofa, kati ya juu na chini kuna slabu ya zege. Ngazi ni za zege, kuta za ndani ni za tofali. Moto ukiwaka jikoni unaunguza vitu, lakini nyumba yenyewe haiwi kuni. Nadhani ndiyo maana tunatulia mno tukiiona nyumba ya matofali mekundu ya Kiingereza. Nyumba ya safu ya enzi za Malkia Victoria ina matofali kwenye kuta za nje na zile za kupakana na majirani. Ndani, sakafu ya juu ni mbao zilizolazwa juu ya boriti za mbao, ngazi ni mbao, na kuta nyingi za kugawa vyumba ni fremu za mbao zilizofunikwa plasta. Nyumba mpya nazo hazitofautiani sana kwa ndani.

Moto mwingi wa nyumbani huanzia chini, jikoni au sebuleni. Moshi wa moto hupanda, na katika nyumba njia yake rahisi ya kupanda ni uwazi wa ngazi, ambao hufanya kazi kama bomba la jiko. Unapita vyumba vya ghorofa ya kwanza na kujikusanya mahali pa juu kabisa pasipo na pa kutokea, ambapo ndipo darini. Mtoto aliyelala kule hafikiwi kwanza na moto. Anafikiwa na moshi wenye kaboni monoksidi, na njia pekee ya kutoka ni ngazi zilezile ambazo moshi unapandia.

Kanuni zinakiri hatari hii waziwazi. Katika nyumba ya ghorofa moja juu ya chini, dirisha la chumba cha kulala linaweza kuhesabiwa kuwa njia ya dharura likiwa na uwazi wa angalau mita za mraba 0.33, upana na kimo visivyopungua milimita 450, na ukingo wake wa chini usiozidi milimita 1,100 kutoka sakafuni. Mtu mzima anaweza kuning'inia na kujiachia, au kumshushia mtoto mtu aliye chini. Lakini sakafu ikizidi mita 4.5 kutoka ardhini, dirisha halihesabiwi tena, kwa kuwa anayeruka kutoka pale anaweza kufa. Sakafu ya darini kwa kawaida inapita mita tano. Kwa hiyo lile dirisha zuri la kwenye paa si njia ya kutokea. Zamani kanuni ziliruhusu dirisha la paa ambalo zimamoto wangelifikia kwa ngazi yao, lakini utaratibu huo uliachwa zaidi ya miaka 15 iliyopita, na ndiyo maana vyumba vya darini vya miaka ya tisini vinaweza kuwa na cheti halali lakini ulinzi hafifu kuliko unaodaiwa leo.

Wazazi huniuliza kuhusu ngazi za kamba au za mnyororo za kuning'iniza dirishani. Ngazi hizo hutengenezwa kushikilia kizingiti cha dirisha la ukutani. Dirisha la paa halina kizingiti cha namna hiyo. Mtoto angetokea kwenye mteremko wa vigae, usiku, pengine mvua inanyesha, kisha avuke mfereji wa maji ya paa ndipo aanze kushuka. Sioni mtoto wa miaka saba akifanya hivyo, na sioni mama akimfundisha.

Kanuni zinataka njia ya ngazi yenyewe iwe mahali salama. Kuanzia mlango wa chumba cha darini hadi mlango wa nje, ngazi na korido zizungukwe na kuta zinazoweza kuhimili moto kwa dakika 30, na kila chumba kinachofungukia ngazi, isipokuwa bafu na choo, kiwe na mlango wa kuzuia moto. Mwongozo unadai mlango wa dakika 20, lakini madukani utakayoikuta kwa wingi ni ya dakika 30. Sakafu mpya ya darini nayo ihimili dakika 30. Halafu kuwe na ving'ora vya moshi vinavyotumia umeme wa nyumba vikiwa na betri ya akiba, kimoja kila ghorofa, vilivyounganishwa ili kimoja kikilia vyote vilie.

Sasa simama sebuleni kwako utazame. Katika nyumba nyingi ndogo za safu, ngazi zinashuka moja kwa moja sebuleni, au ukuta kati ya sebule na korido ulibomolewa ili nafasi ionekane kubwa. Hapo hakuna njia iliyokingwa, kwa sababu mtoto akishuka anaishia ndani ya chumba ambacho huenda ndicho kinachowaka. Hiyo ndiyo hali ninayoiogopa kuliko zote, na haitibiki kwa kununua milango pekee. Ni ama kuurudisha ukuta ili ngazi ziwe na korido yake hadi mlango wa nje, au kugawa sehemu ya chini ili ngazi ziwe na njia mbili za kutokea nje zilizotenganishwa kwa ukuta wa kuzuia moto, au kufunga mfumo wa kunyunyizia maji, jambo ambalo wakaguzi wengi hulikubali baada ya kuona michoro. Yote yana gharama.

Milango ya kuzuia moto nayo haifanyi kazi ikiwa wazi. Ndani ya nyumba ya familia kanuni hazidai vifaa vya kuifunga yenyewe, kwa hiyo kinachofunga ni mkono wa mtu. Kikosi chochote cha zimamoto kitakuambia uufunge mlango wa jikoni na wa sebuleni kabla ya kulala. Hata mlango wa kawaida uliofungwa huchelewesha moshi kwa dakika kadhaa, na hauhitaji pesa.

Mtoto hasikii

Kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui, na lilinibadilisha mtazamo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, wakishirikiana na kikosi cha zimamoto cha Derbyshire, waliwajaribu watoto 34 kwa ving'ora vya kawaida vya moshi wakiwa usingizini majumbani mwao. Watoto 27 hawakuamka. Miongoni mwa wavulana 14 waliokuwamo, hakuamka hata mmoja. Baadaye timu hiyo ilijaribu mlio wa sauti nzito ukiambatana na sauti ya mwanamke anayewaita waamke, na watoto wengi zaidi walizinduka.

Kwa mtoto aliye darini, hesabu inabadilika kabisa. King'ora chumbani mwake ni muhimu, lakini usidhani kitamwamsha. Kitakachomwamsha ni wewe. Kwa hiyo king'ora kinapaswa kukuamsha wewe mapema, ukiwa ghorofa ya chini yake, ndiyo sababu kuunganishwa kwa ving'ora si anasa. Kisha lazima upande kumchukua, ukipita njia ambayo moshi unapitia, na umshushe. Mpango huo unawezekana tu kama ngazi bado zinapitika. Jibu linarudi palepale kwenye ngazi na milango.

Scotland imedai ving'ora vilivyounganishwa katika kila nyumba tangu Februari 2022. Katika nyumba ambayo bado haijafungwa ving'ora vya umeme, ving'ora vya betri ya miaka 10 vinavyowasiliana bila waya vinafungwa kwa jioni moja. Havitoshi kukipa chumba cheti. Vinatosha kukuamsha usiku wa leo.

Boriti ambazo hazikujengwa kubebea watu

Pale juu, chini ya zulia, kuna mbao ambazo kazi yake ya awali ilikuwa kushikilia jipsamu ya dari la chumba cha chini na masanduku machache. Boriti za dari kwa kawaida hukadiriwa kubeba takribani kilo 25 kwa mita ya mraba. Sakafu ya chumba cha kulala hukadiriwa kilo 150. Kabati lililojaa nguo linaweza kupita kilo 100 huku likikalia chini ya mita moja ya mraba. Ongeza kitanda, vitabu, na watoto watatu wanaorukaruka Jumamosi asubuhi.

Kazi iliyofanywa sawasawa huweka boriti mpya, nene zaidi, kando ya zile za zamani, zikikaa juu ya kuta zinazobeba uzito au juu ya mihimili ya chuma, bila kuigusa dari ya chini. Kazi ya mkato hutandaza mbao juu ya boriti za zamani na kumaliza. Ukiweza kuinua ubao mmoja pembeni, utaona. Boriti ya kimo cha milimita 75 au 100 iliyokwenda umbali wa mita tatu au zaidi bila nguzo ni ya dari, si ya sakafu. Ishara nyingine zinaonekana chini: dari ya chumba cha chini inayoshuka katikati, nyufa mpya, sakafu inayotikisika glasi zikagongana, milango ya ghorofa ya kwanza iliyoanza kukwama.

Paa lenyewe linaweza kuwa limeumizwa. Katika nyumba nyingi zilizojengwa tangu miaka ya sitini, paa linabebwa na kenchi za kiwandani zenye umbo la herufi W, mbao nyembamba zilizounganishwa kwa mabati yenye meno. Kila ubao katika kenchi hiyo una kazi, ule wa katikati ukiwa unavuta na ule wa kando ukisukuma. Mtu anayetaka nafasi ya kutembea hukata ile ya katikati. Paa halianguki siku hiyo. Huanza kutanuka polepole, na kuta za nje zinasukumwa kutoka juu. Ukiona kenchi zilizokatwa bila mhimili mpya kuchukua mzigo, chumba hicho kisitumike na mtu yeyote, mkubwa au mdogo, hadi mhandisi aje. Katika nyumba za zamani zaidi, kinachokatwa ni nguzo za kuegemeza mapau, na matokeo ni yaleyale.

Usisahau tangi la maji. Nyumba zenye mfumo wa zamani huwa na tangi darini, na lita 200 za maji ni kilo 200. Baadhi ya waliogeuza dari walilisogeza pembeni tu, nyuma ya ukuta mdogo, bila kujali linakalia nini.

Ngazi, dirisha, joto

Ngazi ya kuvuta kutoka kwenye tundu la dari haifai kwa chumba cha mtoto kwa hali yoyote. Mtoto mwenye usingizi anayeshuka kwenda chooni saa nane za usiku ataanguka, na katika moshi hakuna anayeweza kumbeba mtoto akishuka kwa mgongo. Ngazi halali za kudumu haziinuki zaidi ya nyuzi 42, zina nafasi ya kichwa ya mita 2, au mita 1.9 katikati na 1.8 ukingoni pale paa linapobana, na kingo zake hazina uwazi unaopitisha mpira wa milimita 100. Kipimo hicho kina sababu: kichwa cha mtoto mdogo kisipite. Zile ngazi nyembamba za kukanyaga mguu mmoja mmoja zinaruhusiwa pale tu pasipo na nafasi na kwa chumba kimoja, lakini mimi nisingezitumia kwa mtoto mdogo hata kama sheria inaniruhusu.

Kitanda kisiwe chini ya dirisha la paa linalofunguka. Weka kizuizi kinachoacha uwazi usiozidi milimita 100, na mapazia yasiwe na kamba ya kitanzi inayoning'inia.

Joto linachukuliwa kuwa usumbufu tu, na hapo sikubaliani. Tarehe 19 Julai 2022, Coningsby katika Lincolnshire ilifikia nyuzi 40.3, kiwango cha juu kuwahi kurekodiwa Uingereza. Chini ya vigae, katika chumba kisichowekewa vizuri pamba ya kuzuia joto, siku za kawaida tu za kiangazi zinatosha kumfanya mtoto akose usingizi. Kwa kichanga, shirika la Lullaby Trust linashauri chumba kiwe kati ya nyuzi 16 na 20, na kwa miezi sita ya kwanza mtoto alale chumba kimoja na wazazi. Kichanga hana shughuli ya kulala darini.

Majira ya baridi tatizo linageuka. Pamba ikisukumwa hadi igusane na vigae bila nafasi ya hewa, mvuke wa pumzi za watoto unapoa kwenye mbao na kuwa maji, kisha ukungu mweusi unatokea pembeni ya dari. Mtoto Awaab Ishak wa Rochdale alikuwa na miaka 2 tu alipofariki Desemba 2020, na mchunguzi wa vifo aliamua kwamba kilichomuua ni maradhi makali ya mfumo wa kupumua yaliyotokana na ukungu wa nyumba waliyopanga. Ukungu usipakwe rangi ukaachwa. Utafutiwe chanzo.

Umeme nao ukaguliwe na fundi aliyesajiliwa: nyaya zilizofukiwa ndani ya pamba na taa za kuzamishwa darini huchemka. Kama boila iko darini, au bomba la moshi la chini linapita chumbani, king'ora cha kaboni monoksidi kiwepo. Na nyumba iliyojengwa kabla ya mwaka 2000 inaweza kuwa na asbesto kwenye mabomba, matangi au pamba ya zamani, kwa hiyo usitoboe wala kufagia kitu usichokijua.

Kutafuta cheti baadaye

Kazi iliyofanywa tangu tarehe 11 Novemba 1985 bila kibali inaweza kuombewa cheti cha kuhalalisha. Ombi linapelekwa halmashauri tu, si kwa mkaguzi binafsi. Ofisa atakuja, na huenda akataka ubao uinuliwe au sehemu ya jipsamu itobolewe aone boriti na pamba. Anapima kazi kwa kanuni za wakati ilipofanywa, kisha anakuandikia kinachotakiwa. Kwa chumba cha mwaka 1992 unaweza kupata cheti bila kufikia kiwango cha leo, kwa hiyo mwambie wazi kwamba mtoto atalala humo, na umuulize yeye angeongeza nini.

Watu huogopa kwamba kwenda halmashauri ni kujishtaki. Hofu hiyo ina msingi: tangu Oktoba 2023, katika England halmashauri ina miaka 10 badala ya miezi 12 ya kutoa amri ya kurekebisha kazi. Hata hivyo maofisa hawa wanapenda zaidi kuona chumba kimerekebishwa kuliko kimebomolewa, na mtu anayekwenda mwenyewe anasikilizwa. Kampuni ya bima ya nyumba nayo iambiwe ukweli kuhusu chumba hicho, kwa sababu dai lililojengwa juu ya kificho linaweza kukataliwa.

Gharama zikiwa nzito, pangeni upya nyumba kabla ya kuijenga upya. Watoto wawili wanaweza kubanana chini kwa mwaka mmoja. Chumba cha darini, ikiwa mhandisi ameridhika na sakafu, kinaweza kuwa mahali pa kusomea mchana. Baadhi ya familia huwahamishia wazazi juu. Hiyo inapunguza hatari kwa sababu mtu mzima huamka na king'ora, lakini haiiondoi, na inawaweka wazazi mbali na watoto waliobaki chini. Zimamoto katika maeneo mengi ya England huja nyumbani bure kukagua na kushauri, na wapo wanaokuwekea ving'ora. Wapigie simu ya ofisi, si 999, na uwaonyeshe ngazi zako.

Kwa mpangaji, mzigo si wako wote. Tangu Oktoba 2022 kila mwenye nyumba wa England, awe mtu binafsi, halmashauri au shirika la nyumba, lazima aweke king'ora cha moshi kila ghorofa inayokaliwa, na cha kaboni monoksidi kwenye chumba chenye boila au jiko la kuota moto. Umeme wa nyumba lazima ukaguliwe angalau kila miaka mitano, na una haki ya nakala ya ripoti. Mwombe pia cheti cha chumba cha darini. Akikwepa, kitengo cha afya ya mazingira cha halmashauri kina mamlaka chini ya Sheria ya Makazi ya 2004 ya kukagua nyumba kwa orodha ya hatari, moto na kuanguka ngazini zikiwamo, na kumwamuru arekebishe au kuzuia chumba kisilaliwe. Malalamiko yako yaandike kwa barua pepe, ambatanisha picha za ngazi na milango kuanzia darini hadi mlango wa nje, na unaposubiri jibu, magodoro ya watoto yashushwe chini leo hii.